Nyumba ya Sauti za Chini

Salha mwanangu,

Umetoka kwenda Ilford na rafiki yako Nuru kutafuta mashuka, nami nimebaki jikoni peke yangu. Kesho saa kama hizi utakuwa Leeds, kwenye chumba ambacho sijakiona, unaanza kusomea uandishi wa tamthilia. Nimeona nikuandikie sasa, kungali mchana, kwa sababu ukirudi tutashughulika na mabegi, na mimi nikishughulika huwa sisemi kitu. Unanijua.

Habari za kula vizuri na kuvaa soksi nzito sitaziandika. Nimeshakwambia mpaka umechoka, na nyingine utafundishwa na baridi yenyewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua unakisoma polepole, midomo ikicheza, kama ulivyokuwa ukisoma juzuu madrasa. Neno likikushinda lipite, kisha lirudie. Usimpe mtu akutafsirie, maana haya ni ya kwetu.

Nataka kuanzia siku ile mwalimu wako wa maigizo aliponiita shuleni. Nilikwenda na wasiwasi, nikidhani umefanya kosa. Nilikuwa nimetoka kazini kwa wazee, sare bado nimeivaa ndani ya koti. Akanikalisha, akaniambia wewe una kipaji, na kwamba anataka uombe chuo. Nikamwambia, mwalimu, nyumbani kwetu hakuna mwandishi. Baba yake alikuwa akipakia mizigo ghalani hapa Edmonton, mimi nawaogesha wazee. Hiki kipaji kimetoka wapi?

Ndipo akaanza kunisimulia habari za yule mwandishi wao mkuu wa tamthilia, yule ambaye Waingereza hawawezi kumaliza mwaka bila kumtaja. Akasema hakuwa mtoto wa mabwana. Baba yake alikuwa fundi wa glavu katika mji mdogo, na nyumba yao ilinuka ngozi. Chuo kikuu hakwenda. Lakini alizaliwa katika zama ambazo dini ya nchi ilibadilika na mtawala, na watu wakajifunza kusema moja barabarani na jingine chumbani. Akasema tauni ilikuwa ikija inaondoka, ikifunga majumba ya michezo na kuzika watoto, na kwamba yeye mwenyewe alimzika mwanawe wa kiume. Mwalimu akaniambia, mtu aliyekulia katika nyumba na zama kama hizo, masikio yake hujua kusikia kile ambacho watu wanakificha. Salha naye ana masikio hayo.

Nikamuuliza, "Na mama yake?"

Hakulitarajia swali hilo. Akasema hawajui mengi, ila inajulikana kwamba kabla ya kumzaa yeye alikuwa ameshazika watoto wengine wachanga. Njiani kurudi, kwenye basi, nilimfikiria yule mwanamke. Watu wote wanataka kujua ni nini kilichomjenga mtoto wake. Nikajiuliza aliimba nini alipombembeleza huyo aliyebaki.

Nikajiuliza na mimi nilikujenga kwa kitu gani. Jibu nililipata miezi michache baadaye, nimekaa safu ya tatu katika ukumbi wa shule yenu, nikitazama mchezo uliouandika wewe.

Hukuniambia unahusu nini. Taa zilipowaka nikamwona msichana amevaa mtandio wangu wa kijani, ule uliosema umepotea. Yeye ndiye mama, amekaa jikoni na simu mbele yake, na mtoto pembeni. Wakaongea Kiingereza, nikawa nafuata. Kisha simu ikalia, yule aliyekuwa mama akaisukuma kwa mtoto, na mtoto akasema kwa Kiswahili, mbele ya ukumbi mzima wa wageni, "Baba kalala, Bibi."

Maneno yale yalikuwa yangu.

Watu walipiga makofi wakasimama. Mimi sikusimama, miguu haikuniitika. Kwenye basi ulikaa pembeni yangu ukiwa na furaha na hofu kwa pamoja, unangoja niseme neno. Nikasema, "Mambo ya ndani umeyatoa nje." Ukageuka dirishani. Tulipofika karibu na kituo chetu ukanijibu kwa Kiingereza, kama unavyonijibu miaka yote hii, kwamba uliyatoa nje kwa sababu ndani hakuna aliyekuwa akikusikiliza. Tangu siku hiyo tumekuwa tukipishana humu ndani kama wapangaji.

Kukuomba msamaha bila kukueleza hakutakutosha wewe, na mimi hakutanituliza. Nataka ujue ulipolelewa kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka saba au minane, tunakaa Wete. Baba yangu alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi. Siasa za kisiwani zilikuwa zimechafuka, na mtu kusemwa vibaya na jirani tu kulitosha kumtoa nyumbani kwake asirudi. Alfajiri moja nikaamka, Baba hayupo. Alikuwa amekimbilia Mombasa. Mama akatukusanya uani, mimi na ndugu zangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mkiulizwa, Baba kaenda shamba. Hamjui zaidi."

Haikupita muda akaja mtu mmoja wa mtaani, aliyezoea kunywa kahawa na Baba barazani. Alinikuta peke yangu mlangoni. Akachuchumaa, akaniuliza kwa upole, "Zuwena, baba yako yuko wapi?"

"Kaenda shamba."

"Kufanya nini huko siku zote hizi?"

"Kupalilia mihogo. Kisha atajenga kibanda cha kulindia, maana nguruwe wanaila."

Kibanda na nguruwe nilivitunga mwenyewe. Yule mtu alinitazama, akaondoka. Jioni ile Mama alinipa kipande kikubwa cha mkate wa mofa, na akanishika kichwa. Mwanangu, sifa ile sijaisahau. Nilijifunza kwamba uongo uliosemwa vizuri unaweza kumweka mtu hai.

Baba aliugua hukohuko Mombasa akafa. Habari ililetwa na msafiri. Mama aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia akiwa ameuma khanga ili sauti isitoke. Hatukuweka msiba. Tungemliliaje mtu ambaye yuko shamba? Kesho yake Mama alikwenda sokoni kununua samaki, akajibu salamu za watu. Mpaka leo baba yangu hajaliliwa.

Ndivyo nilivyokuja London, na hayo ndani ya begi. Huku hapakuwa na mtu wa kuchuchumaa mlangoni. Nani Edmonton angeuliza habari zetu? Jirani wa chini tumekaa naye miaka hata jina hatujuani vizuri. Lakini mimi niliendelea kuzungumza kwa sauti ya chini. Baba yako alikuwa akinicheka. "Zuwena, huyo unayemficha ni nani, friji?" Yeye alikuwa mtu wa kucheka kwa nguvu, unakumbuka, mpaka kwenye ngazi za flati watu walijua Khamis karudi. Mimi nilikuwa nafunga madirisha. Na wewe ulikuwa ukikaa kwenye kikorido, karibu na viatu, unasikiliza. Nilidhani unacheza.

Kisha ikaja korona. Shule zikafungwa, misikiti ikafungwa, majumba ya michezo mjini yakafungwa kama katika hadithi ya mwalimu wako. Ghala halikufungwa. Watu walikuwa wakiagiza vitu usiku na mchana, na Baba yako akawa anatoka na kurudi na kunawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Aliporudi na homa alisema ni uchovu. Walipomchukua na ambulensi alikupungia mkono akiwa na barakoa ya oksijeni, nawe ukampungia kutoka dirishani. Ulikuwa na miaka kumi na tatu.

Hospitali hawakuturuhusu. Siku ya mwisho muuguzi alimshikia simu sikioni, nikamsomea, na wewe ukamwambia maneno yako ambayo sikukuuliza wala sitakuuliza. Alizikwa na watu wachache waliovaa glavu. Mimi na wewe tulikuwa ndani ya gari, tunatazama kupitia kioo.

Nami wala sikupata kukaa eda yangu kama watu. Siku ileile ami yako Juma, mdogo wa Baba yako, alinipigia kutoka Wete. Akasema mama yao ametoka hospitali juzi, presha yake haijatulia, daktari amesema asipewe habari ya kushtua. "Shemeji, tumngoje kidogo apate nguvu." Nikakubali. Sikufikiri hata kidogo. Kitu kile kilikuwa ndani yangu tangu utoto, kikaamka kikafanya kazi yake.

Bibi alikuwa akipiga kila siku baada ya alasiri kumwulizia mwanawe. Siku ya kwanza simu ilipolia niliishika nikashindwa. Nikakupa wewe. Nikakunong'oneza, "Mwambie Baba kalala."

Ukaniangalia. Nakumbuka hayo macho. Kisha ukasema, "Baba kalala, Bibi." Na kesho yake tena. Na siku zilizofuata. Mimi nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, siwezi hata kusikiliza, wewe umebaki na ile simu. Baada ya hapo Juma akamwambia mama yake mwenyewe. Akanambia aliipokea habari kwa utulivu, hakupiga kelele, alisema innalillahi akaomba maji ya udhu. Tukasema, ni imani yake.

Na wewe tangu hapo hukusema tena Kiswahili. Nilikuwa nikikuita kwa Kiswahili unaniitikia kwa Kiingereza. Nikawaambia watu, ndivyo walivyo watoto wa huku, wanafahamu lakini hawajibu. Watu wakaniitikia, wa kwao pia wako hivyo. Nikajiridhisha. Mpaka siku ile ukumbini, pale mwisho wa mchezo, yule aliyekuwa mtoto aliposema kwamba lugha ya babake aliitumia kwa uongo mpaka ikaharibika, haimfai kwa kitu kingine. Miaka mingapi, Salha, mimi nimekaa na wewe meza moja, na hili sikulijua.

Nilichokwambia kwenye basi kilikuwa cha Mama yangu. Ni yule yule wa uani, amekuja Edmonton na khanga yake mdomoni. Sikwambii hivi ili unionee huruma. Nataka uone kwamba zama zinaweza kupita na nyumba isijue. Waliomtafuta baba yangu wamekufa zamani, na mimi nilikuwa bado nawajibu kupitia kinywa chako.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui. Wiki iliyopita nilimpigia Bibi. Ulikuwa umekwenda kumuaga mwalimu wako. Nilitaka kumwambia tu kwamba unasafiri, akuombee dua. Akaniuliza unakwenda kusoma nini. Nikasema, kuandika michezo ya kuigiza. Akacheka kidogo. Akasema, "Si ajabu. Huyo hodari tokea zamani."

Nikamuuliza kaona wapi.

Akasema, "Zuwena, mimi nilijua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, taratibu, unajua anavyozungumza. "Khamis hajalala alasiri tangu mtoto. Nilikuwa nikimfukuza na mwiko alale, halali. Mjukuu wangu aliponiambia kalala, na sauti haina pumzi, nikajua mwanangu hayupo. Na mke wa Juma alikuwa akilia jikoni anasingizia vitunguu."

Nikamwambia, "Mama, mbona hukusema?"

"Ningesema vipi? Nyote mlikuwa mmejipinda kunibeba. Na mtoto yule... Siku ya pili nikamuuliza, kala? Akasema kala. Kala nini? Akanambia wali na mchuzi wa samaki changu, na ndimu akaikamua mwenyewe, akalamba vidole akasema haufiki wa Bibi. Nikamwona. Wallahi nilimwona mwanangu pale kitandani analamba vidole. Siku ya tatu akanambia Baba kaamka kidogo, kauliza mkarafuu wa uani umezaa? Kesho yake akanambia kacheka mpaka jirani kagonga ukuta. Nikawa nangojea alasiri ifike. Mchana kutwa nikiwa mtu niliyefiwa, ikifika alasiri nina mwana. Nilimuuliza maswali makusudi, apate kunambia zaidi. Mungu anisamehe, nilimtwisha mtoto mzigo kwa tamaa yangu."

Nililia, Salha. Nilikaa hapa hapa jikoni nikalia kwa sauti, madirisha yakiwa wazi, na jirani wa chini akatoka nje kuangalia kuna nini.

Mimi sikujua hayo ya ndimu. Wala ya mkarafuu. Nilidhani ulisema neno moja ukakata simu, na katika mchezo wako ndivyo ulivyoandika: neno moja, kisha kimya, kisha mtoto anatupa simu. Hukuandika kwamba kila alasiri ulikuwa ukimfufua Baba yako kwa dakika chache, umlishe, umchekeshe. Labda unaona ndiyo sehemu mbaya zaidi ya uongo wako. Labda umeionea haya kuliko kitu chochote. Mimi ningekuwa wewe ningeona haya pia. Nami nilitunga nguruwe na kibanda, na nilipojua Baba amekufa nilikaa miaka nikidhani ni mimi niliyemuua, kwa sababu nilisema yuko mahali ambapo hayupo.

Lakini mwalimu wako aliniuliza kipaji kimetoka wapi, au niseme mimi nilimuuliza yeye, na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu zima. Jibu alikuwa nalo mwanamke mmoja wa Wete, amelala na presha yake, simu sikioni. Kabla ya ukumbi ule na makofi yale, ulikuwa na mtu mmoja aliyekusikiliza kwa moyo wake wote, akijua kila kitu, na akakuachia uendelee.

Sijui yule mwandishi wao mkuu alimfanyia nini mwanawe aliyekufa. Mwalimu alisema hakuna barua yake iliyobaki kuhusu kifo kile, watu wanabahatisha kupitia michezo. Huenda na yeye kuna nyumba aliyoiingia kila jioni ambayo mtoto bado yuko kitandani. Na mama wa yule mtoto, aliyebaki mji mdogo na kaburi wakati mumewe yuko London, alijua nini, alimwachia nini, hakuna aliyeandika. Wewe unaweza kuandika. Si lazima uandike juu yetu. Lakini ukitaka kutuandika, tuandike. Siku nyingine nitasimama na wenzangu nipige makofi, na kama miguu haitaniitika utaniwia radhi.

Huenda mengine niliyokulea nayo hayatakutoka. Utajikuta Leeds unashusha sauti bila sababu. Mtu atakuuliza hujambo, nawe utasema sijambo na huku umevunjika. Ukijikuta hivyo usijichukie. Ni vitu vya nyumbani tu, vimeingia begini bila kuwekwa. Ila usimpe mtoto wako simu.

Nimekukosea, mwanangu. Ulikuwa umefiwa na baba na mimi nikakunyima kumlilia, kama nilivyonyimwa. Sina la kuongeza hapo.

Nimesikia mlango wa chini, nafikiri ni nyinyi. Nimalizie la Bibi.

Kabla hatujaagana aliniambia hivi, nami nimeahidi kukufikishia kama alivyosema: "Habari ya mwanangu niliipata kwa Juma. Kwa mjukuu wangu sijaipata bado. Mwambie akishafika huko aendako, akishatulia, anipigie alasiri. Nitamuuliza tena baba yake yuko wapi. Aniambie. Tumlilie sote wawili, maana hatukumlilia pamoja."

Nikamwambia, Mama, Salha siku hizi hasemi Kiswahili.

Akasema, "Mimi nitangoja. Akinambia neno moja tu, linanitosha."

Mama yako,
Zuwena